Kupanga maji ya mfereji mmoja kwa mazao na malisho: mwongozo kwa vikundi vya wamwagiliaji wilayani Same

Mwongozo huu ni kwa vikundi vinavyotumia mifereji na ndiva (mabwawa madogo ya kuhifadhi maji) katika miteremko ya chini na tambarare za magharibi ya milima ya Upare, ambako mvua za vuli na masika hazikomazi mahindi kila mwaka, na ambako kaya nyingi zinazolima hufuga pia. Vikundi vingi huanza kwa kugawana eka, kisha hutafuta maji ya kuzitosheleza, na malisho hukumbukwa Agosti, mabua yakiwa yamekwisha. Utaratibu ninaoueleza hapa huanza na maji: yapimwe kwanza, eka zifuate, na malisho yaandikiwe zamu katika daftari lile lile la mazao.

Hatua ya 1: Kibali

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchepusha maji ya mto kwa ajili ya mashamba ya kikundi kunahitaji kibali, na kwa eneo hili maombi hupelekwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Kwamba mfereji ulichimbwa na mababu hakuondoi wajibu huo. Soma kiasi cha maji kilichoandikwa katika kibali, kwa sababu ndicho kikomo chenu hata kama mto una zaidi.

Hatua ya 2: Kupima maji

Pimeni Septemba, kabla ya vuli, wakati mfereji uko katika hali yake mbaya kuliko zote. Kipimo cha Aprili kitawafurahisha wanachama na kuwaumiza baadaye.

Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka, kisicho na majani wala mawe, chenye urefu wa mita 10, na mkichomeke vigingi viwili, juu na chini. Pimeni upana wa maji, kisha kina chake katika sehemu tatu au nne kutoka ukingo hadi ukingo, mpate wastani. Dondosheni ndimu katikati ya mkondo, hatua chache juu ya kigingi cha kwanza, na hesabuni sekunde inazotumia kufika kigingi cha pili. Ndimu ni bora kuliko kijiti au jani kwa kuwa sehemu yake kubwa huzama na upepo hauisukumi. Rudieni mara kadhaa na mchukue wastani.

Tuseme upana ni sentimita 40, kina cha wastani ni sentimita 12.5, na ndimu imetumia sekunde 40. Eneo la mkondo ni mita za mraba 0.05 na kasi ya maji yaliyo juu ni mita 0.25 kwa sekunde. Zidisheni namba hizo mbili, kisha zidisheni kwa 0.8, kwa sababu maji yaliyo karibu na udongo hutembea polepole kuliko yale ya juu. Jibu ni mita za ujazo 0.01 kwa sekunde, yaani lita 10 kwa sekunde.

Kikundi kinachoweza kumlipa fundi kitengeneze ubao wenye mkato wa umbo la V, pembe yake ikiwa nyuzi 90, na kuuweka chini kidogo ya banio (mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni), maji yakidondoka kwa uhuru upande wa pili. Kina cha maji juu ya ncha ya mkato, kikipimwa nyuma kidogo ya ubao ambako maji yametulia, hutoa jibu moja kwa moja: sentimita 10 ni karibu lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 15 ni karibu lita 12, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Mimi huupendelea ubao huu kwa sababu mgawa maji hahitaji kukokotoa chochote, na anayelalamika anaweza kwenda kusoma mwenyewe.

Hatua ya 3: Kutoka lita hadi eka

Katika miezi ya joto, zao lililofunika ardhi huweza kutumia milimita 6 za maji kwa siku, sawa na mita za ujazo 60 kwa hekta. Mfereji wa udongo usiosakafiwa hupoteza mengi njiani na shambani, kwa hiyo wekeni hesabu kwamba nusu tu ndiyo itakayofika kwenye mizizi. Hivyo kila hekta idaiwe mita za ujazo 120 kwa siku.

Lita 10 kwa sekunde, zikitiririka saa 24, ni mita za ujazo 864, zinazotosha hekta 7.2, yaani karibu eka 18. Lakini kama usiku watu wamelala na maji yanapita bure kuelekea korongoni, eka zenu ni 9 tu.

Hatua ya 4: Ndiva

Hapo ndipo ndiva inapofanya kazi yake. Ili kuhifadhi lita 10 kwa sekunde kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mnahitaji nafasi ya mita za ujazo 432: ndiva ya mita 20 kwa 18, yenye kina cha maji cha mita 1.2, inatosha. Asubuhi ikifunguliwa, maji yaliyolala huungana na yanayoingia, na mfereji hubeba lita 20 kwa sekunde mchana kutwa. Faida ya pili haitajwi sana: mkondo mkubwa hupoteza sehemu ndogo zaidi njiani, na hufika mwisho wa mfereji, jambo ambalo mkondo mwembamba wa saa 24 mara nyingi hushindwa kulifanya.

Ondoeni tope kwa msaragambo (kazi ya pamoja ya kikundi) kabla ya kila msimu, kwa sababu sentimita 30 za tope katika ndiva ya kipimo hiki ni robo ya maji yenu. Msipande miti juu ya tuta, kwani mizizi hufungua njia za kuvuja. Nyasi fupi zinatosha kushika udongo.

Hatua ya 5: Kupanga mazao na malisho

Kwa eka 18, mgawanyo ninaoupendekeza ni eka 6 za vitunguu, eka 8 za mahindi na maharage, na eka 4 za malisho. Mpunga nauacha nje. Hata kwa kilimo shadidi, ambacho hulowanisha na kukausha majaruba kwa zamu, bado unadai maji mengi kuliko mfereji wa ukubwa huu unavyoweza kutoa bila kuwanyima wengine.

Vitunguu vikae karibu na ndiva, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na huhitaji maji kidogo mara kwa mara. Mashamba ya mwisho wa mfereji mara nyingi huwa na udongo unaoota ukoko mweupe wakati wa kiangazi. Vitunguu na maharage huumizwa mapema na chumvi hiyo, lakini nyasi za Rhodes huivumilia. Pandeni Rhodes huko, na mchimbe mtaro wa kutolea maji, maana bila mtaro chumvi huongezeka. Mbegu zake ni nyepesi mno: changanyeni na mchanga mkavu, mwage, kisha mburute tawi lenye majani juu yake ili zifunikwe kwa udongo usiozidi sentimita 1. Zikizikwa zaidi, nyingi hazitaota.

Mabingobingo, nyasi ndefu za kukatia mifugo, yapandwe kwenye udongo mzuri, kwa vipingili vyenye vifundo vitatu, viwili vikizikwa, nafasi ikiwa mita 1 kwa nusu mita. Yakatwe yakifika kimo cha mita 1 hivi, yakiachiwa kisiki cha sentimita 10 hadi 15, na samadi irudishwe baada ya kila mkato.

Hatua ya 6: Zamu

Kwa mkondo wa lita 20, eka moja inahitaji karibu saa 4 na dakika 40 kila baada ya siku 7. Eka 18 hujaza siku saba za saa 12 bila kubaki nafasi, kwa hiyo kuongeza eka ya rafiki ni kumpunguzia mwingine. Vitunguu vigawiwe muda huo mara mbili kwa wiki, saa 2 na dakika 20 kila mara.

Maji yakipungua, malisho ndiyo ya kwanza kuruka zamu, kwa sababu nyasi hulala na kuchipua tena, ilhali mahindi yakikosa maji tangu mbelewele zinapotoka hadi ndevu zinapokauka, punje hazirudi. Zamu iliyorukwa iandikwe kama deni, na ilipwe mahindi yakishakomaa na kuachishwa maji. Pasipo kuandikwa, deni hilo husahaulika, na wafugaji wa kikundi ndio hubeba hasara peke yao.

Hatua ya 7: Hei (nyasi zilizokaushwa)

Kateni Rhodes inapoanza kuchanua. Ianikwe siku mbili au tatu ikigeuzwa, ikauke ingali na rangi ya kijani, kisha ifungwe kuwa marobota kwa sanduku la mbao na kuwekwa juu ya chanja, chini ya paa. Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji karibu kilo 10 za hei kwa siku, yaani kilo 1,200 kuanzia Juni hadi Septemba, ambazo ni marobota 80 ya kilo 15. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila mwanachama kabla ya kuuza hata robota moja.

Mabua yanayobaki yakubaliwe kwa maandishi, mbele ya uongozi wa kijiji, kati ya wenye mashamba na wafugaji wa tambarare: tarehe ya mifugo kuingia, njia itakayopita, na mahali pa kunyweshea, ambapo pawe mbali na banio na tuta la ndiva. Kwato zikipita juu ya tuta lililolowa kwa wiki moja, kazi ya msaragambo mzima huanza upya.