Somo: Kuwasha TV, laptop na taa kwa betri ya gari bila kuunguza nyaya

Wakuu, habari zenu. Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Watu wengi wanaogopa upande wake unaotoa volti 230, na wana haki, maana unaua. Ila kinachounguza nyaya ni upande wa pili, ule wa volti 12 unaoweza kuushika kwa mkono usihisi kitu. TV ya wati 60 kwenye umeme wa nyumbani inavuta robo ampea hivi. Kwenye betri inavuta ampea 5, na ukiongeza zinazopotea ndani ya inveta, karibu 6. Pasi ya wati 1,000 itadai ampea zaidi ya 90. Hesabu hiyo ndiyo somo lenyewe.

Hatua ya 1: jumlisha wati. Soma kibandiko nyuma ya kila kifaa. Chaja ya laptop 65, TV 60, taa mbili za LED 18: jumla 143. Pasi, birika na jiko la umeme viache kabisa.

Hatua ya 2: chagua inveta. Kwa mzigo huo, ya wati 300 inatosha. Kama utawasha friji, feni au kitu chochote chenye mota, tafuta ya wimbi safi (pure sine wave), yaani umeme laini kama wa nyumbani. Zile za bei nafuu hutoa wimbi la ngazi ngazi; mota inanguruma na kupata moto.

Hatua ya 3: unganisha. Tundu la kiberiti cha sigara lina fyuzi ndogo, mara nyingi ampea 10 au 15, kwa hiyo usilibebeshe zaidi ya wati 100. Fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi, kwa sababu waya uliofichwa nyuma ya dashibodi ni uleule.

Mzigo ukizidi hapo, nenda moja kwa moja kwenye betri. Kwa inveta ya wati 300 mimi hutumia waya wa milimita 10 za mraba, usiozidi mita moja, na fyuzi ya ampea 40 umbali wa shubiri moja kutoka kichwa chanya. Fyuzi inalinda waya, na waya ukichunika kabla ya kuifikia, hakuna kitakachouzima moto. Mara ya kwanza nilitumia waya mwembamba wa spika. Dakika chache tu plastiki ikalainika kama mshumaa na harufu ikajaa gari zima. Nilichomoa kwa kitambaa, vidole visingeweza.

Inveta iwe imezimwa. Funga nyaya kwenye inveta, kisha chanya kwenye betri, na hasi mwisho, kwenye bolti ya bodi iliyo mbali na betri. Utasikia "ta!" na kuona cheche ndogo: kapasita, vihifadhi umeme vya ndani ya inveta, zinajaa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, ndiyo maana cheche hiyo hatuitaki juu yake. Kuondoa, anza na hasi. Kaza vizuri, halafu baada ya dakika kumi gusa viungio: cha moto kimelegea.

Hatua ya 4: linda betri. Betri ya gari imeundwa kupiga stata, si kukamuliwa. Ikiwa imejaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, kwenye 12.2 imebaki nusu, simama hapo. Pima baada ya kuzima mzigo kwa muda. Usingoje inveta ijizime yenyewe, kwani nyingi hukata kwenye 10.5, na hapo gari halitawaka.

Hatua ya 5: injini ikiwa inanguruma, gari liwe nje. Nje kabisa, mbali na madirisha. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu, na kufungua mlango wa gereji hakutoshi.

Maswali

*Kaka, nikichomeka inveta kwenye soketi ya ukutani nyumba nzima itawaka?*
Usithubutu, ndugu yangu. Umeme unaweza kutoka hadi kwenye laini na kumuua fundi anayedhani imezimwa. Na umeme ukirudi, inveta itaungua palepale. Tumia ekstensheni kutoka kwenye inveta yenyewe.

*Friji yangu ni wati 100, mbona inveta ya 300 inalia na kuzima?*
Kompresa ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake, kwa sekunde moja hivi. Tafuta inveta ya wati 1,000, na ubadilishe nyaya na fyuzi pia. Za mwanzo hazitafaa.

*Natumia kila usiku, kwa muda wa saa nne. Betri itadumu?*
Hapana dada, hiyo ya stata itakufa mapema. Weka betri ya pili ya kukamuliwa, kama zile za sola, na kitenganishi katikati ili ya injini isiguswe.

*Lori langu ni volti 24, betri mbili. Naweza kuchukua 12 kwenye moja?*
Utachosha moja huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote zitaharibika. Nunua inveta ya volti 24. Tena ampea zitapungua nusu.