Kifuko cha tegu kwenye pafu: mambo ya kuzingatia kabla hakijapasuka

Daktari akishakuonyesha kwenye eksirei duara jeupe ndani ya pafu, akasema ni kifuko cha tegu wa mbwa (mfuko wa maji unaojengwa mwilini na kiluwiluwi wa mnyoo huyo), usikimbilie kuhesabu nauli ya kwenda kupasuliwa Dar es Salaam. Muulize kwanza kina ukubwa gani. Pafu ni laini kama sifongo, halikibani kifuko kama ini linavyokibana, kwa hiyo hukua upesi, hasa kwa watoto na vijana. Kikifikia sentimita 10 ni kikubwa kweli, na hapo hata chafya ya nguvu yaweza kukipasua.

Chochote kinachosukuma kifua kwa ghafla ni hatari: kikohozi kisichotibiwa, kujikamua chooni (mapapai yapo, yaleni), kuanguka na bodaboda. Msimu wa korosho ndio mgumu zaidi kwetu Lindi na Mtwara. Gunia libebwe na mwingine, na moshi wa kukaanga korosho kwa ajili ya kubangua ukae mbali nawe, maana unakohoza hata mzima. Kukandwa kifua nako acha. Na yeyote asichome sindano kuvuta maji ya ndani ya kifuko.

Kuna hili linalowashangaza wengi: albendazoli, dawa ileile ya minyoo ya dukani, huweza kuudhoofisha ukuta wa kifuko cha pafuni kikapasuka kabla ya upasuaji. Usijinunulie. Daktari ndiye apange kama utaimeza, na lini.

Nyumbani, wenye mifugo wasiwatupie mbwa mapafu na maini ya mifugo yenye vifuko, maana ndimo mbwa anamopatia tegu. Tangu wafugaji wa Usangu na Ihefu, kule Mbeya, walipohamia Kilwa, Liwale na Nachingwea mwaka 2006 na 2007, ng'ombe na mbwa wa kuchungia si wageni tena huku.

Anayekusindikiza azijue dalili. Unakohoa ghafla, mdomo unajaa maji ya chumvi, pengine na damu au vipande vyeupe mithili ya ngozi ya ndani ya yai la kuchemsha. Vikifuata vipele, uso kuvimba na pumzi kubana, huo ni mzio unaoua. Hospitali ya karibu, hapohapo, kwa sindano ya adrenalini.

Bahasha ya eksirei ya kwanza isibaki nyumbani. Kifuko kikipasukia njiani, picha mpya yaweza kufanana na nimonia au kifua kikuu, na ile ya zamani ndiyo itakayomwonyesha daktari mgeni kulikuwa na nini.