Ukienda Saanane angalia na msimu

Wadau mnaopita Mwanza, Saanane, kile kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria, ni hapo hapo tu, boti kutoka Capri Point haichukui hata robo saa, ila kisiwa cha Julai sio kile cha Aprili. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, nyasi zimekauka so swala pala na pimbi unawaona kiulaini, lakini yale majabali yanashika moto balaa, wahi asubuhi, na pia mchana upepo wa ziwa ukichachamaa mawimbi yanakulowesha mpaka simu, beba hata mfuko wa nailoni. Masika kijani kila kona, picha zinatoka kali sana, tatizo mawe yakilowa yanateleza kama sabuni, vaa raba zenye meno, ndala acha hoteli (kuna watu wanaenda na viatu vya harusi jamani). Mimi nachagua Januari Februari, mvua imepungua na ukijani bado upo, halafu jua likitoka tu mijusi wanapanda juu ya mawe, dume kichwa chekundu mwili wa bluu. Kuoga ziwani usithubutu, kuna mamba, na kichocho pia.