Kutoa msimbo wa C na wa FPGA kutoka modeli moja ya kichujio

Programu inayozalisha msimbo haikosoi modeli yako. Ukikosea aina za namba, itakuandikia C safi kabisa yenye kosa lilelile. Kazi kubwa, basi, iko kabla ya kubofya kitufe. Tuchukue kichujio cha FIR (kinachozidisha kila sampuli ya karibuni kwa namba yake maalumu, yaani koefisienti, kisha kujumlisha) chenye koefisienti 64 ndani ya Simulink, programu ya kuunda modeli kwa bloku, sampuli 48,000 kwa sekunde.

Kwanza weka hatua ya muda isiyobadilika, sekunde 1/48000, na uchague `ert.tlc`, mpangilio wa kutoa C ya vifaa vidogo, kama shabaha.

Kisha aina za namba. `fixdt(1,16,15)`, aina ya nukta tuli (nukta haihami mahali pake), ina biti 16, kati yake 15 za sehemu iliyo baada ya nukta, na hubeba kuanzia −1 hadi takriban 0.99997. Mawimbi yakifika 1.0 huku kinga ya kufurika (inayoizuia namba kupita mpaka wa aina yake) imezimwa, thamani inaruka hadi −1, na kwenye spika utasikia mipasuko. Usiiwashe kinga hiyo kila mahali, maana kila bloku itaongezewa ulinganishi na msimbo utapungua kasi; kwa kawaida bloku ya mwisho inatosha.

Penye hatari zaidi ni kwenye kijumlishi, yaani namba inayokusanya jumla ya matokeo ya kuzidisha. Biti 16 mara biti 16 hutoa 32, na kujumlisha matokeo 64 huongeza 6: jumla 38. `int32_t`, namba kamili ya C yenye biti 32, haina nafasi hiyo. Ila kabla ya kukimbilia `int64_t`, ambayo ni mzigo kwa prosesa ya biti 32, jumlisha koefisienti zote bila alama zake za kutoa. Jumla isipozidi 1, biti 32 zinatosha.

Bonyeza Ctrl+B, kisha uite fanksheni inayoishia na `_step` mara moja kwa kila sampuli, kutoka kwenye taima. Linganisha matokeo na ya modeli: kwa nukta tuli tofauti iwe sifuri. Hata biti moja ikitofautiana, tafuta sababu.

Kwa FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe), tumia amri `hdlsetup` ya kuandaa modeli, `checkhdl` ya kuikagua, halafu `makehdl` ya kutoa msimbo. Saa ya MHz 100 inakupa mipigo 2,083 kwa kila sampuli, hivyo kizidishi kimoja kinachofanya kazi kwa zamu kinatosha. Kutandaza vizidishi 64, kimoja kwa kila koefisienti, ni kumaliza chipu bure. Njia ya mawimbi ndani ya saketi ikichukua muda mrefu kuliko mpigo wa saa, ongeza rejista (hifadhi ya mpigo mmoja) katikati. FIR itachelewa tu, lakini kwenye IIR, kichujio kinachorudisha matokeo yake ndani, rejista iliyowekwa ndani ya mzunguko wa mrejesho inabadilisha kichujio chenyewe.