Agricola: wahi matete kabla ya mbao
Ukicheza Agricola, mchezo wa mezani wa kuendesha shamba, usikimbilie kulima ukasahau nyumba. Unaanza na watu 2 tu, na chumba kipya cha mbao kinataka mbao 5 na matete 2. Msituni mbao huongezeka 3 kila raundi, lakini matete huongezeka 1 tu. Ukiyakuta yamefika 2, chukua papo hapo! Nafasi ya kuongeza mtoto hufunguka kati ya raundi ya 5 na ya 7, na mwenye chumba tayari ndiye anayeiwahi.

Chakula nacho: mavuno ya kwanza ni mwisho wa raundi ya 4, kila mtu anakula 2. Mimi hununua meko mapema kwa udongo 2, na hapo kondoo mmoja akipikwa anatoa chakula 2. Kadi ya kuombaomba, unayopewa ukipungukiwa chakula, inakata pointi 3, inauma kweli.