Kumsindikiza aliyefanyiwa uhalifu: somo kwa wanaojitolea Mbeya

Kazi yetu ni kusindikiza. Upelelezi tuwaachie polisi, hukumu tuiachie mahakama.

1. Jitambulishe. Anzia kwa mtendaji wa kata, kisha ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto pale kituoni. Iwe Uyole au Mbalizi, ukionekana unaingia nyumba ya aliyepigwa bila kujulikana ofisini, maneno yanaanza.

2. Sikiliza. Jikoni penye moto panafaa kuliko sebuleni penye wageni, hasa baridi ya Juni ikikaza. Mpe pole, kisha nyamaza. "Ulifuata nini huko usiku?" ni swali la kumfunga mtu mdomo. Usirekodi, usipige picha, na habari zake zisifike WhatsApp.

3. Hospitali isisubiri. Aliyebakwa anahitaji dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa zisifuliwe; ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki zinavunda na ushahidi unapotea. PF3, fomu ya kuandikia majeraha na matibabu, inatolewa polisi, bure, na daktari ndiye anaijaza. Damu ikiwa inachuruzika, kimbizeni mtu hospitali kwanza.

4. Fuatilia kesi. Andika namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni, na jina la mpelelezi. Wengi hukatia tamaa hapa: mtu katoka kijijini alfajiri, kafika mahakamani, kesi imeahirishwa. Siku hiyo ndiyo anakuhitaji kuliko siku ya kwanza. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watamweleza hatua inayofuata bila malipo.

Maswali ya wanakikundi

Shikamoo mwalimu. Binti ana miaka 13. Wazee wamekaa, mtuhumiwa katoa ng'ombe, wanasema yameisha.

Marahaba. Hayajaisha. Ubakaji ni jinai, anayeshtaki ni Jamhuri, na ng'ombe hafuti kesi. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii leo hii. Wazee watanuna, waache wanune.

Mimi ni mwanaume, nitakubaliwa?

Muulize mhusika mwenyewe. Akisita, mtafutie mama wa kumsindikiza. Ila vijana wa bodaboda wanaoporwa na kupigwa usiku nao wanahitaji mtu, na wengi wanaona aibu kusema. Hapo utafaa sana.

Nauli ya mahakamani inatoka wapi?

Mara nyingi mfukoni mwako, au mchangishane kikundini. Usimwahidi usichonacho. Na usipokee hata shilingi kutoka kwa ndugu wa mtuhumiwa, hata wakiiita ya soda.