Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujatuma Barua Yenye "If" na "Would"

Barua pepe ya Kiingereza yenye masharti ndani yake, iwe ya kuomba kazi, ufadhili au kumjibu mteja, usiitume ikiwa bado ya moto. Iache kwenye rasimu, kunywa maji, kisha uikague.

Anza na vitenzi visaidizi vya aina ya modal, vinavyoonyesha uwezo, ruhusa, lazima au dhana, maana hivi havina mjadala. Vikuu ni tisa: can, could, may, might, shall, should, will, would na must. Havibebi s hata mtenda akiwa he au she, havifuatwi na to, wala viwili havikai pamoja. Ukikuta "she cans", "must to go" au "will can", futa. Hiyo ya mwisho huwa "will be able to".

Halafu tazama would umeiweka wapi. Sisi tumezoea -nge- pande zote mbili: ningekuwa na muda, ningekuja. Kiingereza huiacha would upande wa matokeo, na upande wa if hupewa kitenzi cha wakati uliopita: "If I had time, I would come." Ukiona if na would zimebanana kwenye kishazi kimoja, shuku. Zipo nafasi chache halali, kwa mfano ukimwomba mtu kwa adabu, "If you would sign here", lakini kama huna uhakika, usiziguse. Na koma: if ikitangulia, iweke, ikija nyuma, kwa kawaida haihitajiki.

Sasa hili linalofuata lisome taratibu, kwa sababu huwezi kuligundua kwa kusaka makosa ya sarufi. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliomba nafasi ya mafunzo nje ya nchi. Akavuka mchujo, wakamwandikia atume cheti. Cheti kilikuwa bado chuoni kinasubiri saini, na aliahidiwa kukipata wiki ileile. Akataka kujibu kwa unyenyekevu, akaandika: "If I had the certificate, I would send it this week." Sentensi safi kabisa, hakuna mwalimu ambaye angeitia kalamu nyekundu. Siku mbili baadaye akajibiwa kwamba wanasikitika, nafasi amepewa mwingine, ajaribu tena mwakani. Alikuja na simu mkononi akiniuliza amekosa nini. Nilimsomea sentensi yake polepole: cheti sina, na wiki hii situmi. Ndivyo ilivyosema, na ndivyo ilivyosomwa. Alichokusudia kilikuwa "I will get the certificate this week and send it at once." Cheti alikipata Alhamisi. Aliandika tena kujieleza, lakini orodha ilikuwa imeshafungwa.

Kilichomponza ni adabu. Kwetu ningeomba na ningependa hulainisha maneno, na Kiingereza nacho kina "I would like". Lakini ukiitanguliza if yenye wakati uliopita, kwa kawaida unamwambia msomaji kwamba jambo hilo halipo, au hulitarajii. Kwa hiyo jiulize kwanza: linawezekana? Andika "If I get it, I will send it." Ni la kudhania tu? "If I had it, I would send it." Limeshapita na halikutokea? "If I had received it, I would have sent it." Hii ya tatu iogope kwenye biashara. Ukimwandikia mteja "If you had paid, we would have shipped", umemwambia kwamba hakulipa. Hakikisha umetazama akaunti kwanza.

Kwenye lazima nako pana shimo. "You must not pay today" ni katazo. Kama maana yako ni kwamba si lazima alipe leo, andika "you don't have to pay today". Na must kwa mtu aliyekuzidi cheo ni amri. Mpe "could you". Ukiandika maelekezo ya kiufundi, uzito wa maneno haya umeshapangwa: waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 2119, wa 1997, unasema must ni sharti, should ni pendekezo linaloweza kuachwa kwa sababu ya msingi, na may ni hiari. Usiyabadilishe kwa ajili ya kupamba lugha.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Kifupisho 'd huweza kuwa had au would, kwa hiyo kwenye barua rasmi andika neno zima. "Would of" ni kosa hata kama umeliona kwa Mwingereza. Ni would have. Barua za mfano usizinakili bila kuzielewa. Panapohusika fedha au tarehe ya mwisho, mpe mtu mwingine asome, na usimweleze ulikusudia nini: muulize ameelewa nini. Mikataba, pamoja na shall zake, mwachie mwanasheria.